Hospitali na Hifadhi Yake: Budyonnovsk, 1995, na Butembo, 2019

Neno hospitali limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza. Na upande wa Kongo, ambako serikali ya kikoloni ilitumia Kifaransa, watu wengi husema hopitali. Shina lake ni la Kilatini, hospes, nalo lilikuwa na maana ya mgeni, na vilevile ya mwenyeji ampokeaye mgeni. Nyumba za kwanza za Ulaya zilizopewa jina hili hazikuwa za wagonjwa peke yao. Zilikuwa za wasafiri, mahujaji, maskini na wazee, wote waliofika mlangoni wakaomba kupokewa. Waarabu walichukua neno jingine kutoka Kiajemi, bimaristan, yaani mahali pa wagonjwa, lakini desturi ya nyumba hizo haikuwa mbali na ile: katika Cairo ya karne ya 13 mgonjwa alipokewa awe tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni. Basi tangu asili, kwa jina na kwa desturi, hospitali ni nyumba ambayo mlango wake haufungwi. Jambo hili likisahauliwa, historia ya mashambulio juu ya hospitali katika miaka ya karibuni haieleweki, maana washambuliaji wenyewe hawakulisahau.

Hifadhi ya wagonjwa vitani ilikuwapo zamani katika mila za mataifa mengi, ila kuandikwa kwake katika sheria ya dola nyingi kulianza Geneva tarehe 22 Agosti 1864, miaka mitano baada ya Henry Dunant kuona majeruhi wa Solferino wakifa bila msaada. Mkataba ule uliweka alama: msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Mwaka wa 1876 dola ya Waturuki ilichagua hilali mahali pa msalaba. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, katika kifungu cha 18, wasema kwamba hospitali za raia hazitashambuliwa kwa hali yoyote ile. Na kifungu cha 19 chaongeza kwamba hifadhi hiyo haiondoki ila hospitali ikitumiwa kumdhuru adui, na hata hapo sharti onyo litangulie. Sheria ni nzuri na maneno yake ni wazi. Lakini alama ya msalaba au hilali ni sawa na neno lolote: nguvu yake yatoka katika mapatano ya wanaolisoma. Kitambaa hakizuii risasi. Humzuia mpigaji tu, naye akiwa amekubali kuzuiwa.

Mtu asiyekubali mapatano hayo leo huitwa gaidi. Neno hili nalo lina historia yake. Kwa Waswahili wa zamani gaidi alikuwa mnyang'anyi wa njiani, mtu sugu, ndugu yake haramia wa baharini. Maana ya leo, ya mtu atishaye umma kwa mauaji ili apate haja yake ya siasa, ni maana mpya iliyovikwa neno la kale, na vazi hilo haliko sawasawa. Mnyang'anyi hutaka mali, na wodini hamna mali. Gaidi wa leo hutaka macho na masikio ya serikali na ya dunia. Na mali ya namna hiyo hospitali inayo tele.

Hapana tukio lionyeshalo haya kwa uwazi kuliko lile la Budyonnovsk. Mji huu uko katika jimbo la Stavropol, kusini mwa Urusi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Chechnya. Zamani uliitwa Svyatoy Krest, maana yake Msalaba Mtakatifu. Jina la sasa ni la heshima kwa Budyonny, jemadari wa askari wapanda farasi wa Kisovieti. Mwezi wa Juni 1995 vita vya Chechnya vilikuwa katika mwezi wake wa saba, na Warusi walikuwa wamekwisha kuutwaa mji wa Grozny na sehemu kubwa ya nchi tambarare. Mwanzoni mwa mwezi huo mabomu yaliangushwa Vedeno, nyumbani kwa kamanda Shamil Basayev, yakaua watu kadhaa wa ukoo wake. Tarehe 14 Juni Basayev aliingia Budyonnovsk na wapiganaji wapatao 150 au zaidi waliofichwa ndani ya malori. Vizuizi vya barabarani walivipita kwa kusema kwamba wamebeba maiti za askari wanaorudishwa kwao. Na Basayev mwenyewe alisimulia baadaye kwamba njiani walitoa hongo, na kwamba walisimama katika mji ule kwa kuwa fedha za hongo zilikuwa zimekwisha. Yafaa kuona kwamba hila ya kwanza kabisa katika safari hii ilikuwa kuazima heshima ya wafu. Hapana askari apendaye kufungua sanduku la maiti ya mwenzake.

Walishambulia kituo cha polisi na ofisi za mji. Kisha wakakusanya watu barabarani na majumbani, wakawaswaga kwa miguu na kwa magari hadi katika hospitali ya mji. Pamoja na wagonjwa, wauguzi, madaktari na wazazi waliokuwa wamelazwa, mateka walizidi 1,500. Madai yao yalikuwa vita visimamishwe, majeshi ya Urusi yaondoke Chechnya, na mazungumzo yaanze. Basayev alidai pia waandishi wa habari waletwe mbele yake. Walipochelewa, mateka kadhaa walipigwa risasi wakafa. Rais Yeltsin alikuwa amekwenda Halifax, Canada, katika mkutano wa wakuu wa mataifa yenye viwanda, hivi kwamba dunia iliyokuwa imeelekeza kamera zake kwake ilimwona akiulizwa habari za hospitali ya mji ambao wengi walikuwa hawajapata kuusikia.

Alfajiri ya tarehe 17 Juni vikosi maalumu vya serikali vilishambulia. Vita vilichukua saa kadhaa. Sehemu ya jengo ilishika moto. Mateka wengi walipoteza maisha yao, na askari wa kikosi cha Alpha wakafa pia. Wapiganaji waliwasimamisha wanawake madirishani, nao wakapunga shuka nyeupe za vitanda vya hospitali, wakipiga kelele na kuwasihi askari wa nchi yao wenyewe wasifyatue risasi. Nguo nyeupe ambayo mwaka wa 1864 ilikusudiwa isomwe na adui, hapa ilipungwa ili isomwe na mwokozi. Baada ya shambulio kushindwa, baadhi ya mateka walifunguliwa, na tarehe 18 Waziri Mkuu Viktor Chernomyrdin akazungumza na Basayev kwa simu huku Warusi wakimtazama katika televisheni. Kesho yake msafara wa mabasi uliondoka ukiwa na wapiganaji pamoja na watu zaidi ya 100 waliokubali kuwa ngao yao hadi Chechnya, ambako waliachwa huru tarehe 20. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa kuwa 129, na majeruhi zaidi ya 400.

Chernomyrdin alilaumiwa sana, wakati ule na baadaye, kwamba alimfanya gaidi kuwa mwenzi wa mazungumzo. Lawama hii ina hoja, ila si ya haki kamili. Alipoinua simu, njia ya silaha ilikuwa imekwisha kujaribiwa mbele ya macho ya watu wote, na waliokufa kwa jaribio hilo walikuwa ndio waliotakiwa kuokolewa. Wenye kustahili kuulizwa kwanza ni wale walioyapitisha malori barabarani. Hata hivyo matokeo hayafichiki. Tarehe 21 Juni Bunge la Urusi lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Tarehe 30 Waziri wa Mambo ya Ndani, Viktor Yerin, na mkuu wa idara ya usalama, Sergei Stepashin, walipoteza vyeo vyao. Na tarehe 30 Julai mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi. Kundi dogo lililoshika hospitali kwa siku tano lilipata yale ambayo majeshi ya Chechnya hayakuyapata kwa miezi saba.

Kwa nini hospitali, ilhali katika mji ule zilikuwapo shule, soko, na ofisi za serikali? Jengo kubwa la matofali lenye ghala la dawa, majiko, maji na vitanda ni ngome iliyo tayari, isiyo na mlinzi. Waliomo hawawezi kukimbia: mgonjwa aliyepasuliwa jana, mzazi wa usiku wa kuamkia leo, mtoto aliye katika kitanda cha joto. Daktari naye aweza kukimbia, lakini kiapo chake kimemfunga mahali pale, na wale wa Budyonnovsk waliendelea kufunga majeraha, ya mateka na ya wapiganaji pia. Zaidi ya hayo, serikali ikizingira hospitali hujikuta katika mtego wa sheria na wa aibu, kwani kila kombora lililorushwa kumpiga gaidi hupiga hospitali. Hifadhi iliyoandikwa Geneva ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge, gaidi huigeuza ngao yake mwenyewe. Huvunja sheria yeye kwanza, kisha akategemea kwamba mwenzake ataitii.

Somo hilo lilisomwa upesi. Tarehe 9 Januari 1996, miezi saba tu baadaye, wapiganaji wa Salman Raduyev walivamia mji wa Kizlyar katika Dagestan. Walikuwa wamekuja kushambulia uwanja wa ndege za kijeshi. Waliposhindwa kupata walichokitaka walikimbilia hospitali, wakashika mateka wapatao 2,000 au zaidi. Safari hii serikali iliwaachia waondoke na sehemu ya mateka, kisha ikawazingira katika kijiji cha Pervomayskoye na kukipiga kwa makombora hadi kijiji kikawa magofu.

Pengine mshambuliaji hana haja ya mateka. Huko Quetta, Pakistan, tarehe 8 Agosti 2016, wakili Bilal Anwar Kasi alipigwa risasi asubuhi, mwili wake ukapelekwa hospitali ya serikali, na mawakili wenzake wakakusanyika huko kwa wingi kumlilia, kama ilivyo ada ya watu wenye utu. Mtu aliyejifunga mabomu alikuwa akiwangoja. Walikufa watu zaidi ya 70, wengi wao mawakili. Huko Kabul, tarehe 8 Machi 2017, walioingia katika hospitali ya kijeshi walikuwa wamevaa makoti meupe ya madaktari. Na tarehe 12 Mei 2020 wenye bunduki waliingia katika hospitali ya Dasht-e-Barchi, wakaziacha idara nyingine, wakaenda moja kwa moja katika wodi ya uzazi. Waliuawa watu 24, kati yao wakiwa kina mama 16. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likiiendesha wodi hiyo, liliondoka mwezi wa Juni. Msiba, koti jeupe na uchungu wa kuzaa: kila moja ni kitu ambacho mlinzi wa langoni amefundishwa kukiheshimu.

Nairobi nayo ilionja upande mwingine wa udhaifu huu. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, nao wakapelekwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na nyinginezo kwa kila chombo chenye magurudumu. Katika saa kama ile lango halipekui mtu. Miaka iliyofuata, na hasa baada ya shambulio la Westgate la 2013, upekuzi wa mikoba na magari ukawa jambo la kila siku katika miji ya Kenya, hospitalini pia. Wengi wameuzoea, na yamkini umefaa. Lakini swali lililo nyuma yake, kwamba hospitali iliyolindwa kwa bunduki yabaki kuwa nini machoni pa anayeihitaji, halikujibiwa Nairobi. Lilijibiwa Butembo, na jibu lilikuwa chungu.

Butembo ni mji wa biashara katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Kongo, ambako watu husema Kinande na Kiswahili. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika jimbo hilo tarehe 1 Agosti 2018. Watu wa huko walikuwa na kumbukumbu zao. Tangu Oktoba 2014 wanakijiji wa upande wa Beni walikuwa wakichinjwa, na mauaji mengi yakihesabiwa kuwa ya kundi la ADF lenye asili ya Uganda. Msaada ulikuwa haba na walinzi wakichelewa. Mara ugonjwa mmoja ukaleta magari mapya, mahema, fedha nyingi na wageni. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, bali watangoja hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama; na Rais mpya alikuwa aapishwe mwezi wa Januari. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa waliodhaniwa kuwa na Ebola, na wagonjwa wakakimbia. Mtu aliyenyimwa kura kwa jina la ugonjwa ni rahisi kuamini kwamba ugonjwa wenyewe ni hila ya siasa.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana neno la kutazama. Kazi yote ya kupigana na Ebola iliitwa kwa Kifaransa la Riposte, na raia wakalitumia jina hilo hilo kwa watu wake, magari yake na fedha zake. Neno hili Wafaransa walilipata kwa Waitalia, risposta, yaani jibu. Ila katika mchezo wa panga lilipokulia ni pigo la kurudisha, lile litolewalo mara baada ya kukinga pigo la adui. Kiswahili hakiwezi kujisifu kuwa bora, kwani nacho husema mapambano, vita na kampeni. Katika nchi iliyochoshwa na watu wenye silaha, jeshi moja zaidi lilikuwa limewasili, na jina lake lilisema hivyo. Waliochunguza lugha ya matangazo waliona pia kwamba Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki hakikuwaelea wengi kama Kiswahili chao cha Kongo, na kwamba maneno mazito ya kitabibu yaliachwa katika Kifaransa. Mgonjwa aliambiwa mambo ya uhai wake kwa maneno ya ofisini.

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa, kando ya Butembo, kilipigwa mawe na kutiwa moto. Ndugu wa mgonjwa mmoja alikufa alipokuwa akikimbia. Siku tatu baadaye kituo cha Butembo kilishambuliwa kwa moto na kwa risasi, na wagonjwa wakatawanyika, wengine wakiwa na maradhi yasiyotakiwa kutoka nje ya ua. Madaktari Wasio na Mipaka walisimamisha kazi katika vituo vyote viwili. Tarehe 7 Machi mkuu wa shirika hilo, Joanne Liu, alisema waziwazi Geneva kwamba matumizi ya polisi na ya shuruti yalikuwa yakiwatenga watu na matibabu. Wizara ya Afya ilikuwa imekwisha kukifungua tena kituo cha Butembo, sasa kikiwa na walinzi. Tarehe 9 Machi kilishambuliwa tena, na askari polisi mmoja akauawa. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu cha mji huo wakamuua Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akiwa mkutanoni na wenzake.

Je, hawa nao waitwe magaidi? Kwa kumwua tabibu hospitalini walistahili jina lolote baya. Lakini jina moja lililotandazwa juu ya wapiganaji wa Mai-Mai, vijana wenye hasira ya kura, wafiwa waliozuiwa kuzika kwa mila yao, na watu waliotaka sehemu ya fedha za Riposte, hufunika zaidi ya linavyofunua. Basayev aliijua hospitali ya Budyonnovsk kuwa hospitali, na ndiyo sababu aliichagua. Katwa ilichomwa na watu ambao baadhi yao hawakuamini hata kidogo kwamba ile ilikuwa hospitali. Waliona ua wa plastiki usioonyesha ndani, watu waliofunikwa uso, askari langoni, na majirani walioingia kwa miguu wakatolewa ndani ya mifuko. Bunduki zilizoongezwa baada ya kila shambulio ziliwapa wenye shaka ushahidi mwingine. Mlinzi alihitajika, hilo halikataliki. Bila yeye wauguzi wasingerudi kazini hata siku moja. Ila kila alipozidi kuonekana, wagonjwa walizidi kujificha majumbani, na maradhi yakazidi kuenea.

Njia nyingine ilipatikana polepole. Wauguzi wa kwao walipewa nafasi zaidi, na washukiwa wa maradhi wakapokewa katika zahanati walizozijua. Huko Beni shirika la ALIMA lilikuwa limeweka vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa alilala ametengwa huku mama yake akimwona, akisema naye, na kuona kwa macho yake sindano ikiingia na chakula kikiliwa. Wakati huo huo surua, ambayo haikuwa na Riposte yenye msafara wa magari, iliua nchini Kongo watu zaidi ya 6,000 tangu mwanzo wa 2019, wengi wao watoto.

Mashambulio hayakukoma. Usiku wa tarehe 28 Novemba 2019 wafanyakazi wanne wa Ebola waliuawa huko Biakato na Mangina. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao walikufa 2,287.